Taa zinawaka, gari haliwaki: namna ya kuutafuta ugonjwa kabla hujatoa hela

Unageuza ufunguo asubuhi. Dashibodi inawaka taa zake zote, redio inatoa salamu, feni inapuliza, halafu huko mbele unasikia "tak" moja, basi. Jirani aliyekuwa anafagia uwanja anasimama na ufagio wake mkononi: "Hapo betri siyo, shehe. Mbona taa zinawaka?"

Kauli hiyo imewanunulisha watu wengi stata (mota inayozungusha injini ili iwake) wasizozihitaji. Na kauli ya pili, ya fundi anayetangaza "betri imekufa" hata boneti hajafungua, imeninunulisha mimi betri. Nitafika huko.

Unajua umeme wa mtaani ukiwa mdogo inavyokuwa: balbu inawaka, simu inachaji, lakini pampu ya maji inaguna tu na wala haizunguki. Gari ni vivyo hivyo. Taa ya ndani inakula wati 5 hivi, hata nusu ampia haifiki. Taa kubwa mbili za mbele, za wati 55 au 60 kila moja, zinakula kama ampia 10 kwa pamoja. Stata ya gari dogo la petroli inataka ampia 100 hadi 200 kwa mkupuo mmoja, na ya dizeli inataka zaidi. Kwa hiyo betri iliyochoka, au temino iliyolegea (kile kibanio cha waya kwenye kichwa cha betri), inaweza kuwasha taa vizuri kabisa na bado ikashindwa kuzungusha injini. Taa kuwaka kunakuambia betri haijafa kabisa. Basi.

Fuata mpangilio huu, wa bure kwanza, wa hela mwisho.

1. Mambo madogo yanayowaaibisha wakubwa

Kwa gari la otomatiki, gia iwe P au N. Kwenye giaboksi kuna swichi inayoizuia stata gia ikiwa D au R, na swichi hiyo ikichakaa inadhani gari liko D hata kama macho yako yanaona P. Kanyaga breki, sogeza gia hadi N, piga stata hapo. Likiwaka kwenye N likagoma kwenye P, ugonjwa umeshaujua. Gari la manyuo, kanyaga klachi mpaka mwisho.

Ufunguo ukikataa hata kugeuka, usukani umejifunga. Utikisetikise usukani kushoto na kulia huku unageuza ufunguo taratibu. Usiulazimishe, utakatikia ndani.

Gari la kitufe lina visa vyake. Haliwaki mpaka lijue umekanyaga breki, kwa hiyo mwombe mtu asimame nyuma akuambie kama taa za breki zinawaka. Zisipowaka, tafuta fyuzi yake au swichi iliyo juu ya pedeli kabla ya kuigusa stata. Na likisema halioni ufunguo, mara nyingi ni kale kabetri kadogo ndani ya rimoti. Kwenye Toyota nyingi unakanyaga breki, unaigusisha rimoti kwenye kitufe upande wenye nembo, ukisikia mlio unabonyeza.

Mwisho, angalia ile taa ya dashibodi yenye alama ya ufunguo au kufuli. Ikiendelea kumetameta baada ya kuweka ON, gari halijautambua ufunguo wako. Jaribu ufunguo wa akiba. Kama wa akiba unakubali, gari ni zima, mgonjwa ni ufunguo.

2. Zima kila kitu, sikiliza

Redio zima, feni zima, shusha kioo. Piga stata mara moja na usikilize. Sauti ndiyo itakayokupa njia.

"Tak-tak-tak-tak" ya haraka, kama cherehani: umeme unatosha kuvuta swichi ya stata lakini hautoshi kuizungusha. Swichi inavuta, volti zinaporomoka, inaachia, volti zinapanda, inavuta tena. Mara nyingi ni betri iliyoshuka chaji au temino isiyoshika.

"Nguu... nguu... nguu" ya uvivu: ukoo ule ule. Betri, temino, au waya mmoja mnene ulioliwa na kutu.

"Tak" moja nzito, kisha kimya: hapa washukiwa ni wengi. Inaweza kuwa betri, inaweza kuwa waya wa ethi (ule mnene unaotoka hasi ya betri kwenda kwenye injini), lakini stata yenyewe sasa imeingia kwenye orodha.

Kimya kabisa, hata "tak" hakuna: amri yako haifiki kwenye stata. Fyuzi, rilei (swichi ndogo inayoendeshwa na umeme), swichi ya gia, swichi ya ufunguo, au waya mwembamba uliochomoka kwenye stata.

"Wiiii" ya kitu kinachozunguka bila injini kushtuka: stata inazunguka, ila jino lake halishiki meno ya injini. Hiyo itashushwa tu, huna la kufanya barabarani.

Injini inazunguka kwa nguvu na haraka kama siku zote lakini haishiki: iache betri, iache stata, ruka mpaka namba 7.

Kwa sauti yoyote ile, usishikilie ufunguo zaidi ya sekunde 10 kwa mara moja, na ipumzishe stata kama nusu dakika kabla ya kurudia. Watu huchoma stata nzima wakitafuta ugonjwa wa betri.

3. Kipimo cha taa ukutani

Hiki ndicho kipimo ninachokipenda kuliko vyote kwa sababu hakihitaji kifaa. Washa taa kubwa zikiwa zimeelekea ukuta au geti. Mtu mwingine apige stata, wewe tazama mwanga.

Ukififia sana au kuzimika kabisa, umeme umejaribu kwenda kwenye stata ukashindwa kutosha. Ugonjwa uko kwenye betri, temino au waya wa ethi. Ukibaki vilevile, mweupe, wala hautikisiki, umeme haujaombwa kwenda popote, na hapo hata ununue betri tatu gari halitawaka. Mwanga ukipungua kidogo, ukasikia ile "tak" nzito na injini isizunguke, elekeza macho kwenye stata na nyaya zake nene.

Mwenye mita ya kupimia umeme aiweke kwenye volti za DC na kugusa vichwa vya betri. Gari likiwa limelala usiku kucha, betri iliyojaa inasoma kama 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki nusu, 12.0 au chini ya hapo imekwisha chaji. Lakini kipimo cha kweli ni wakati stata inapigwa: volti zikiporomoka chini ya 9.6, betri haiwezi kubeba mzigo, hata kama dakika moja kabla ilisoma 12.6 na kukuchekea.

4. Temino, kabla ya kumlaumu yeyote

Fungua boneti. Shika temino moja kwa mkono, jaribu kuizungusha. Ikicheza hata kidogo, umeshampata mtuhumiwa wa kwanza. Spana namba 10 ndiyo inayofungua temino za magari mengi ya Kijapani. Iweke kwenye gari isitoke humo.

Ukiona unga mweupe au wa kijani, usiupulize wala kuugusa na kupangusa macho, ni wa tindikali. Wakati mwingine temino inang'aa nje lakini ndani, pale inapokumbatia kichwa cha betri, kuna utando mweusi usioupitisha umeme mwingi. Taa zinapita kwenye utando huo, stata haipiti.

Fungua upande wa hasi kwanza, ndipo chanya. Kuna sababu: ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, umeunganisha betri na gari zima kupitia spana, na cheche zake si za mchezo. Mimina maji ya moto yaliyoyeyushwa magadi kidogo, yale yale ya kupikia maharage, yatachemka yakila tindikali; angalia tu yasiingie kwenye matundu ya betri. Suuza, kausha, kisha sugua vichwa na ndani ya temino kwa msasa mpaka risasi ionekane nyeupe. Rudisha chanya kwanza, hasi mwisho, kaza mpaka isizunguke kwa mkono. Paka grisi kwa juu baada ya kukaza, isitangulie katikati.

Piga stata. Nusu ya magari niliyoitiwa na majirani yaliishia hapa.

5. Kushtua kwa gari jingine

Kama temino ni safi na sauti bado ni ya cherehani, omba umeme kwa jirani. Magari yasigusane, yote yazimwe.

Waya mwekundu: ncha moja kwenye chanya ya betri iliyokufa, ncha nyingine kwenye chanya ya betri nzima. Waya mweusi: ncha moja kwenye hasi ya betri nzima, na ncha ya mwisho usiiweke kwenye betri iliyokufa. Ing'ate kwenye chuma kisicho na rangi cha injini ya gari bovu, mbali kidogo na betri. Ncha ya mwisho ndiyo inayotoa cheche, na betri inayochajiwa inatoa gesi ya haidrojeni inayoshika moto.

Washa gari zima, liache lingurume dakika tano, kisha piga stata ya gari bovu. Likiwaka, toa nyaya kwa kurudi nyuma ulikotoka: mweusi wa kwenye injini kwanza, mwekundu mwisho. Usichanganye chanya na hasi. Kosa la sekunde moja linaweza kuunguza fyuzi kuu, altaneta (mtambo unaoichaji betri injini ikinguruma) na kontrolo boksi (kompyuta ya gari).

Kusukuma? Gari la manyuo linakubali: ufunguo ON, gia ya pili, klachi chini, wasukumaji wakishalitia mwendo unaachia klachi kwa mkupuo. Gari la otomatiki haliwaki kwa kusukumwa, hata muwe kumi na mbili na mmeshiba ugali.

6. Limeshtuliwa na bado limegoma

Hapa ndipo nilipolizwa. Gari langu dogo liligoma nje ya soko, fundi wa jirani akaja, akatazama taa zinavyofifia, akatikisa kichwa: "Bosi, betri hii imeshakula chumvi nyingi." Nikanunua mpya. Wakati wa kuifunga akawa amevitikisatikisa vile vinyaya, gari likawaka, nikamshukuru na soda juu. Siku ya tatu asubuhi: tak.

Aliyenitibu ni mzee mmoja fundi umeme, mtu wa maneno machache. Hakuigusa betri. Alichukua ule waya mweusi wa kushtulia, ncha moja akaing'ata kwenye hasi ya betri yangu, nyingine kwenye chuma cha injini. "Piga." Gari likawaka mara moja, kama halijawahi kuugua. Kisha akaingiza mkono chini ya kiti cha betri akautoa waya wa ethi, ule unaotoka hasi kwenda kwenye injini. Kwa nje ganda lilikuwa zima, jeusi, linang'aa. Akaukunja karibu na sikio langu: ukatoa mchakacho kama majani makavu. Alipolichana ganda kwa wembe, ulimwagika unga wa kijani, na katikati zilibaki nyuzi chache za shaba, labda sita. Nyuzi sita zinatosha kuwasha taa.

Kwa hiyo kipimo chako cha sita ni hicho cha mzee. Kikiwasha gari, nunua waya wa ethi. Bei yake hata haikaribii bei ya betri.

Ethi ikiwa nzima, imebaki stata. Kama unaiona na unaifikia, mwombe mtu ashikilie ufunguo kwenye kupiga huku wewe unaigonga bodi ya stata taratibu kwa mpini wa spana ya tairi. Gia iwe P, breki ya mkono juu, nguo na mikono mbali na mikanda. Ikizunguka baada ya kugongwa, kaboni zake (vipande vinavyopitisha umeme ndani yake) zimekwisha, au swichi yake inanata. Nasema taratibu: stata nyingi za siku hizi zina sumaku zilizogandishwa ndani, ukizipiga kama unavunja kokoto zinapasuka, na stata iliyokuwa inataka kaboni tu sasa inataka mwenzake. Kugonga kunakufikisha gereji. Usilifanye gari likuzoee hivyo.

Na kama ni kimya kabisa, fungua kasha la fyuzi. Kwenye Toyota tafuta zilizoandikwa AM2 na ST. Chomoa, zitazame kwenye mwanga, uzi wa ndani usiwe umekatika. Fyuzi iliyoungua ibadilishe kwa ampia zile zile. Kuweka karatasi ya sigara au kipande cha waya badala yake ni njia fupi ya kuunguza gari. Kwenye kasha hilo hilo kuna rilei ya stata. Mara nyingi rilei ya honi au ya taa ni ya namba ile ile, ziazimishane. Gari likiwaka na honi ikiwa bubu, umeshajua cha kununua.

7. Injini inazunguka vizuri lakini haishiki

Huu ni ugonjwa mwingine, lakini nao hujificha nyuma ya taa zinazowaka.

Mafuta yapo? Usiamini geji ya gari la zamani. Weka ON bila kupiga stata, tega sikio upande wa kiti cha nyuma: pampu ya mafuta kwenye magari mengi hunguruma sekunde mbili hivi, kisha hunyamaza. Mengine hunguruma tu wakati stata inazunguka, kwa hiyo ukimya peke yake si hukumu. Lakini kama ulizoea kuusikia na leo hausikiki, angalia fyuzi iliyoandikwa EFI na rilei ya pampu.

Ukinusa petroli kali baada ya kujaribu mara nyingi, injini imelewa mafuta. Kanyaga pedeli ya mafuta mpaka sakafuni, ishikilie hapo, piga stata sekunde chache. Kwenye injini nyingi za EFI (zinazonyunyiziwa mafuta kwa kompyuta) pedeli ikiwa chini kabisa nozeli za mafuta hufungwa wakati wa kupiga stata, hewa inaingia na kukausha plagi.

Sasa onyo moja, na nimelifupisha makusudi ulikumbuke. Kama gari lilizimika ukiwa unavuka maji ya mvua, yale ya masika pale Jangwani, Dar es Salaam, au popote, usipige stata. Hata mara moja. Maji yakiwa yameingia kwenye silinda hayakandamiziki kama hewa. Utakachopinda ni fimbo za pistoni. Lisukumwe, plagi zitolewe, maji yatoke, ndipo mzungumze habari za kuwasha.

8. Limewaka. Usilizime kwanza

Pima volti tena kwenye vichwa vya betri injini ikinguruma. Kati ya 13.5 na 14.5 altaneta inachaji. Ikisoma 12 na kitu na inazidi kushuka, betri yako haikuwa na kosa: ilikuwa inatumia akiba mpaka ikaisha. Ile taa nyekundu ya betri kwenye dashibodi nayo hutoa taarifa hiyo hiyo.

Wapo mafundi wanaopima altaneta kwa kuchomoa temino ya betri gari likiwa linanguruma: "Likizima, altaneta mbovu." Mtu akiupeleka mkono wake kwenye temino kwa nia hiyo, mshike. Njia hiyo ilifaa magari ya zamani yasiyo na kompyuta. Leo volti zinaruka ghafla na kontrolo boksi inalipia.

Kama altaneta inachaji na betri bado inalala kila usiku, kuna kitu kinakunywa umeme. Anza na alichofunga fundi baada ya gari kutoka bandarini: alamu, kifaa cha kufuatilia gari, redio yenye kioo kikubwa, taa za mapambo. Mita ikiwekwa kwenye ampia kati ya waya wa hasi na kichwa cha betri, gari limefungwa na limetulia nusu saa, isome chini ya miliampia 50. Ikisoma zaidi, chomoa fyuzi moja moja mpaka namba ishuke.

Na ikithibitika kweli ni betri, soma maandishi ya ile ya zamani kabla hujaenda dukani. Chukua mfano wa 46B24L. Namba 46 ni kiwango cha nguvu, B ni umbo la kimo na upana, 24 ni urefu kwa sentimita, na L ni upande zilikokaa temino. Wauzaji wengi watakuambia NS60 tu, na ya L na ya R zote zinaitwa hivyo. Ukibeba R badala ya L, waya wa chanya hautafika, au utafika ukiwa umevutwa kama kamba ya kuanikia nguo, unasubiri kugusa boneti. Fundi akianza kuuvuta, mwambie aishushe betri, na mrudi wote dukani kubadilisha.